Mwethya Uliotunenepesha

Nikimsikia muuguzi kijana akimwambia mama wa makamo, "Hiyo ni umri tu, Mama, zoea," hasira hunipanda na furaha pia hunipanda papo hapo. Hasira kwa sababu si kweli. Furaha kwa sababu ninajua jambo ambalo yeye hajalijua bado, na mimi jambo zuri halinikai mdomoni. Nimestaafu miaka mitatu sasa, lakini mkiniletea sare yangu kesho asubuhi nitaivaa kabla ya kunywa chai.

Jina langu ni Wavinya, ingawa kwa miaka mingi nimeitwa Sista hata na watu wanaonizidi umri. Nilizaliwa Kitui, nikafanya kazi Makueni, kwenye zahanati ndogo iliyo juu ya Salama, pale unapoiacha barabara ya Mombasa na kuanza kupanda vilima. Nimezalisha, nimechanja, nimefunga vidonda vya mapanga. Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote hakuna mkubwa aliyenituma. Ilikuwa ya kina mama waliokoma hedhi, wale ambao kiuno kinapanuka mwaka hadi mwaka na hawajui kwa nini.

Wakija walisema jambo moja. "Sista, mimi sikulangi sana. Hii ni hewa."

Msiwacheke, wauguzi wanangu. Hawadanganyi sana. Hedhi ikikoma, homoni fulani hupungua, na mafuta yaliyozoea kukaa mapajani na makalioni huhamia tumboni. Misuli nayo hupungua, na misuli ndiyo inayokula nguvu hata ukiwa umelala. Mama anakula sahani ileile aliyoila miaka thelathini, ila mwili unaoipokea si ule wa zamani. Nilipoyaelewa haya vizuri nilitamani kuzunguka kila kilima nikiyatangaza kwa kipaza sauti.

Susu wangu, yaani nyanya yangu, kule Kitui hakujua tumbo la utu uzima. Maji yalikuwa chini ya mchanga wa mto uliokauka. Alichimba, akachota, akapanda mlima na mtungi mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, akiwa na wajukuu tayari. Baadaye bomba likafika, na kinu cha kusaga unga kikafika. Mimi ni mmoja wa waliopiga vigelegele siku hiyo, na mtu asiniambie turudi kule. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba kazi iliyoondoka kwenye miguu na mikono ingehitaji kurudishwa kwa njia nyingine.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mizani. Nilikuwa bado na bidii ya ujana, nikaibeba mizani ya zahanati mpaka uwanja wa kanisa, siku ya mkutano wa kina mama. Nilifikiri watapanga foleni. Nani apande? Hapa kwetu mizani inajulikana kwa kazi moja, kupima ndengu, yaani choroko, za dalali pale sokoni Malili. Aliyejitokeza ni mmoja tu, Kamene, mkulima wa ndengu na maembe kutoka kilima cha pili, ambaye hedhi yake ilikuwa imekoma mwaka juzi na tayari alikuwa akimeza vidonge vya presha. Akapanda. Na mimi, kwa mazoea ya kliniki ya watoto, nikasoma kwa sauti: "Themanini na tisa!"

Sauti ikatoka nyuma: "Bado kilo moja gunia lijae!"

Uwanja mzima ulicheka. Kamene naye alicheka. Kisha akachukua mkoba wake taratibu, akaenda, na sikumwona kwa miezi mitano.

Aliyenifundisha kazi baada ya hapo hakuwa daktari. Alikuwa Mbithe, mama aliyekuwa akifagia zahanati yetu, mfumaji wa vyondo, vikapu vyetu vya katani, ambaye vidole vyake havikujua kupumzika. Aliniacha nijilaumu siku kadhaa, halafu akaniambia akiwa ameshika ufagio, "Sista, hao watu si ndengu." Akanisokotea uzi wa katani, mrefu, laini. Kila mama awe na uzi wake, alisema. Uzungushe usawa wa kitovu, ufunge fundo pale unapokutana, aende nao nyumbani. Mwezi ujao aje nao. Hakuna nambari, hakuna wa kusomewa kwa sauti. Fundo likisogea ndani, yeye mwenyewe ataona.

Nilitamani kumkumbatia pale pale, na nilimkumbatia, ufagio ukiwa katikati. Na nitawapa ujuzi wa ziada ambao hamtaupata chuoni: mama ukimpima hubana tumbo. Usimkemee. Mwambie ataje majina yake yote, la kwake, la baba yake, la mume na la kifungua mimba wake. Akifika kwa kifungua mimba pumzi yote imeshatoka na tumbo limerudi mahali pake. Hapo ndipo ufunge fundo.

Kwa ajili ya uzi Kamene alirudi. Na kwa ajili ya mdomo wangu nusura afe.

Ilikuwa hivi. Nilipelekwa semina ya lishe, nikarudi nikiwa nimewaka. Tulifundishwa juu ya viambata vilivyo ndani ya mimea, vitu vidogo visivyoonekana ambavyo mmea hujitengenezea kujilinda, na ambavyo vikiingia mwilini mwetu vina kazi. Vile vinavyoufanya mtama mwekundu uwe mkali kidogo ulimini, hata ndege wasiupende, hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Soya ina vitu vinavyofanana kidogo na ile homoni iliyopungua. Ndengu, mbaazi na majani ya kunde vina vyao, pamoja na nyuzinyuzi zinazoshibisha. Nikakumbuka muthokoi wetu, mahindi tunayotwanga mpaka ganda lote litoke, na ganda lile tunawapa kuku! Kuku wetu walikuwa wanakula vizuri kuliko sisi. Nilisimama mbele ya kina mama na kupaza sauti: "Mimea ina nguvu! Na kile kichungu msikitupe, uchungu ndio dawa!"

Walipiga makofi. Nikajiona mhubiri.

Nilichosahau kusema ni kwamba nguvu hiyo ni ya polepole, ya sahani ya kila siku, na kwamba peke yake haitoshi. Kwamba hata wataalamu wenyewe husema inasaidia kidogo, na inasaidia zaidi mwili ukitumika. Na sikusema neno moja ambalo leo nalisema kabla ya salamu: mmea hauchukui nafasi ya kidonge chako.

Wiki sita baadaye Kamene aliletwa kwa bodaboda, amekaa katikati ya dereva na mwanawe, kichwa kimelala. Alikuwa ameanguka shambani. Mashine ya presha ilipomaliza kuhesabu nilidhani imeharibika, nikapima tena. Tulimshughulikia, gari la wagonjwa likaitwa, na kabla halijafika akili ilimrudia kidogo. Nikamwuliza vidonge vyake viko wapi.

"Niliacha," akasema. "Si ni wewe ulisema mimea iko na nguvu, na kitu chungu ndio dawa? Kuna mtu wa Salama anauza chupa. Ni chungu hiyo, Sista, ai! Hata mbuzi haiwezi kunywa. Akasema inamaliza mafuta ya tumbo na presha pamoja. Sasa dawa mbili za nini?"

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji, nikalia. Ni maneno yangu yaliyokuwa ndani ya ile chupa.

Alilazwa siku tisa hospitali ya mbali, akarudi anatembea, namshukuru Mungu. Siku aliyokuja kuniona sikungoja aniulize kitu. Nikamwambia, "Kamene, nilikosea. Nilisema nusu ya habari."  Naye akaniambia jambo ambalo halikuandikwa kwenye kadi yake yoyote. Mama yake alianguka vivyo hivyo, upande mmoja ukafa, akalala kitandani miaka saba.

"Mimi ndio nilikuwa namgeuza," akasema. "Asubuhi, saa sita, jioni. Miaka saba, Sista. Akiangalia ukuta nalia, akiniangalia nalia. Mimi sitaki mtu anigeuze."

Kuanzia siku ile kazi yangu ilipata sura na jina. Sikuwa tena natafuta viuno vyembamba. Nilitaka Kamene asigeuzwe na mtu.

Vidonge alivirudia, na kila mwezi nilimwuliza swali ambalo ninyi pia mtaliuliza bila kuchoka: "Na unakunywa nini kingine?" Ulizeni kwa upole, kama mtu anayetaka kuonjeshwa. Ukiuliza kwa ukali, chupa inaenda kufichwa chini ya kitanda. Lakini mwili nao ulihitaji kazi. Nikamwambia atembee kila asubuhi mpaka barabara kuu na kurudi. Alijaribu siku nne. Siku ya tano alinijia amekasirika.

"Watu wananiuliza mume amenifukuza ama nimeibiwa mbuzi. Mwalimu wa shule alisimamisha pikipiki aniulize nani amekufa. Nikisema natembea tu, wanacheka mpaka wanashika mti. Sista, susu mzima anatembea bure?"

Mbithe alikuwa akipangusa dirisha. Hakugeuka. "Hapa kwetu mtu hafanyi mazoezi," akasema. "Mtu hufanya kazi. Kwani mwethya ilikufa?"

Aiyaa! Niliruka kwenye kiti. Kwa ninyi mlio mbali na kwetu, mwethya ni kikundi cha kusaidiana: leo tunalima kwako, kesho kwangu, kwa nyimbo, bila mshahara. Mama zetu waliichimba Ukambani yote kwa mwethya. Walichimba mitaro ya kuzuia udongo, ile tunayoiita fanya juu, kwa sababu udongo unaouchimba huurushi chini kirahisi, unaurusha upande wa juu wa mtaro ili uwe ukuta. Hebu fikirini! Magoti yanakunjwa, mgongo unanyooka, mikono inainua, kifua kinahema, na mtu anaimba juu yake. Ni mtaalamu gani wa mazoezi angetunga kitu bora kuliko hicho? Na hakuna atakayekuuliza unakimbia nini. Mashamba yetu yalikuwa yanabomoka, matuta ya zamani yamelala.

Tulianza na kina mama kumi na wanne, Jumanne na Ijumaa asubuhi, zamu kwa zamu, kila wiki nyumba moja. Niliwapima wote presha na sukari kwanza. Wenye magoti mabovu walipanda nyasi kwenye kingo au walichimba kidogo na kupumzika. Mwenyekiti alikuwa Mama Munyao, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Siku ya kwanza nilisimama pale juu nikiwaangalia, majembe yanashuka pamoja, udongo mwekundu unapaa, na nikawa napiga makofi peke yangu kama mtoto.

Wiki nane baadaye tukapima. Majina yakatajwa, pumzi zikatoka, uzi ukazungushwa. Wa kwanza, fundo halikufika. Wa pili, halikufika. Kamene, halikufika kwa upana wa vidole viwili. Kumi na mmoja kati ya kumi na wanne walikuwa wameongezeka!

"Uzi umekauka," Mama Munyao akasema. "Jua imekata uzi."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Ijumaa nikafunga zahanati mapema nikaenda kuona kwa macho yangu, jambo nililopaswa kulifanya tangu siku ya kwanza. Niliwakuta wamemaliza kuchimba, wameketi kwenye kivuli cha nyumba. Basi nikaletewa kiti, na chakula kikaanza kutoka jikoni. Chapati, rundo la kuziba uso wa aliyebeba. Isyo, mahindi na maharagwe yetu, yanaogelea kwenye mafuta. Wali. Viazi. Chai ya maziwa matupu, sukari imetiwa ndani ya sufuria ili mtu asijipimie kidogo. Kisha soda!

Ni desturi. Mwethya ukija kwako unaulisha. Lakini hawa walikuwa wameanza kushindana. Wiki ya kwanza ilikuwa uji. Wiki ya pili mtu akaongeza chapati moja moja, wiki ya tatu zikawa mbili, na sasa mama alikuwa akianza kukanda ngano tangu jana yake. Kukataa ni tusi. Mwenye nyumba anakaa mlangoni anakutazama mpaka umalize. Na mimi je, mtaalamu wa lishe? Nilikula chapati tatu, nikaongezwa ya nne, nikasema asante sana.

Njiani Kamene alinisindikiza. Tulipofika korongoni akaangua kicheko, nami nikacheka mpaka nikakaa chini. Alipomaliza kucheka alikuwa na machozi ya aina nyingine.

"Wiki ijayo ni zamu yangu," akasema. "Nikipika kama wao, naendelea kwenda kitandani kwa mama. Nikikosa kupika kama wao, wataniita mchoyo mpaka nizikwe. Nifanye nini?"

Nilikuwa na jibu, lakini nililifunga mdomoni. Mdomo wangu ulikuwa umeshamfikisha hospitalini mara moja. Nikamwambia kile ninachokijua kuhusu vyakula, polepole, hiki na hiki, na kwamba kuamua ni kwake.

Ijumaa iliyofuata nilifika mapema na kuchimba nao ili nisikae kama mkaguzi. Saa tano tukanawa. Kamene akatoa sufuria moja, ya pili, ya tatu, na birika mbili, akaziweka mezani, akafunua. Isyo yenye mbaazi nyingi na mahindi machache, mahindi yenye maganda yake. Ndengu zilizochemshwa na vitunguu, na nyanya za shambani. Majani ya kunde. Uji wa mtama mwekundu, hauna sukari. Maji ya ukwaju. Basi.

 Mwanamke mmoja alichungulia jikoni kuona kama chapati ziko nyuma.

Kamene alikuwa amesimama, mikono imeshika leso. Akasema, "Watu wetu, leo hakuna chapati. Si kukosa unga. Unga iko. Wote mlikuwa mnakuja kumwona mama pale kwa kitanda, mkaniletea sukari, mkaniombea. Mliona vile alikuwa. Mimi nimeanguka mara moja. Sasa mkitaka kuniita mchoyo niiteni, nitaitika."

Hakuna aliyenyanyua sahani. Wote wakamtazama Mama Munyao. Yeye akaitazama sufuria muda mrefu.

"Hii si ni chakula ya wagonjwa?" akauliza.

"Hapana. Wagonjwa ndio wanakula ile ingine."

 Mama Munyao akajipakulia ndengu, akala kijiko, akatafuna, akala cha pili. "Chumvi haiko," akasema. Akaisogeza sahani mbele. "Niongezee. Na wiki ijayo ni kwangu, msitegemee chapati. Mimi pia napenda kutembea."

Vigelegele vilivyopigwa, wanangu! Nilipiga vyangu mpaka sauti ikakauka. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya mwethya wetu: ushindani ubaki, lakini ushindaniwe kwa aina za mboga na mbegu. Mmoja akaleta njugu mawe, mwingine soya aliyoikaanga kavu, mwingine akajivunia majani ya aina nne kwenye sahani moja. Wafumaji wa vyondo wakaongeza lao, kila uzi wanaoumaliza wanainuka kwenye kigoda mara kumi bila kujishika. Mafundo yalianza kusogea ndani, si kwa haraka, upana wa kidole kwa miezi, na kwa wengine hayakusogea sana lakini sukari ikashuka na ngazi ya kanisa wakaipanda bila kusimama. Nilikuwa nakimbia nje na kadi za presha nikimwonyesha Mbithe kana kwamba ni matokeo ya mtihani wa mwanangu.

Kwa hiyo mkisikia mama anasema ni hewa, msimpe karatasi ya masharti mkaenda zenu. Nendeni mpaka jikoni kwake. Ulizeni nani hupika, nani hutazama, na nani ataudhika sahani ikirudi na chakula. Mwili wa mama haukai peke yake hapa kwetu, una jamaa na majirani juu yake, na hao ndio mtakaowahitaji.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani kwangu, nikipepeta ndengu, nikasikia mtu anabisha hodi. Ni Kamene. Kutoka kwake mpaka kwangu ni vilima viwili na bonde, karibu saa mbili kwa miguu. Amelowa jasho, viatu vimejaa vumbi. Nikaogopa, nikamwuliza kuna nini nyumbani.

"Hakuna kitu," akasema. "Mama alianguka akiwa na miaka hamsini na tisa na siku arobaini. Nilihesabu siku nyingi. Leo mimi niko na hamsini na tisa na siku arobaini na moja."

Nilishindwa kusema. Mimi, Wavinya! Tulishikana mikono pale uani kama wasichana. Alikunywa maji, akakataa nimwitie bodaboda, akajifunga leso vizuri. Nikamsindikiza kupanda kilima cha kwanza, na katikati ya mwinuko ni mimi niliyeomba tupumzike.